Mnada wa Aristides

Soko la Kilombero siku ya Jumamosi halina adabu. Ukisimama unasukumwa, ukitembea unakanyagwa, ukiuliza bei unaitwa mchumba. Penina Sumari alikwisha lizoea. Alipita katikati ya magunia ya viazi amekumbatia fungu la waridi jekundu kama mtu aliyebeba mtoto, gauni lake la kitenge cha njano limebana kiunoni na kuachia chini, kilemba cha kitambaa hicho hicho kichwani. Maua aliyachukua Usa River, kwenye shamba ambako zamani alikuwa kibarua wa kukata na kufunga. Siku hizi alikuwa mpambaji wa kumbi za harusi, yeye na rafiki yake Lilian, na jioni ile walikuwa na ukumbi Sokon One.

Mbele ya duka la pembejeo watu walikuwa wamejaa duara. Katikati, juu ya kreti ya soda, alisimama kijana mrefu ndani ya suti ya rangi ya maziwa, tai nyekundu, viatu vinang'aa pale penye matope utadhani matope yameogopa kuvigusa. Mkononi kipaza sauti, miguuni katoni ya vichupa.

"Hii siyo dawa, ni muujiza wenye kifuniko! Tone moja kwenye ndoo ya maji, nyanya yako haiozi, mchicha wako haunyauki! Nani ana ushahidi? Mimi ninao!" Macho yake yakazunguka, yakatua kwa Penina. "Huyu hapa dada yangu! Sogea mama, sogea. Waambie haya maua yana muda gani kwenye dawa yetu."

Kabla Penina hajafungua mdomo, ua moja lilikwisha chomolewa na kuinuliwa juu.

"Wiki tatu!" kijana akapaza. "Wiki tatu, na bado lina umande!"

Watu wakaguna. Penina akamsogelea, akasema kwa sauti ya chini, "We kaka, haya yamekatwa leo asubuhi."

"Najua," akajibu kwa sauti ya chini vile vile, huku akiutabasamia umati. "Nimebakiza chupa chache na mwenye nyumba ananisubiri mlangoni. Nionee huruma, mrembo."

Angeweza kumuumbua pale pale, na ingekuwa heri. Lakini machoni pa yule kijana kulikuwa na kitu, kama mtoto anayetembea juu ya ukuta na kukuomba usipige kelele asije akaanguka. Penina akageukia watu.

"Wiki tatu na siku mbili," akasema.

Vichupa vikaisha mara moja. Kijana akaruka kutoka kwenye kreti, akamrudishia ua lake kwa mikono miwili.

"Unaitwa nani?"

"Muongo mwenzako."

"Jina zuri. Mimi ni Aristides. Mkurugenzi."

"Mkurugenzi wa nini?"

"Hilo bado tunalijadili," akasema, na Penina akacheka mpaka kilemba kikalegea.

Aristides alikuwa Mchaga wa Kibosho, Mangi kwa waliomzoea, na kila biashara duniani aliijua mwanzo wake tu. Alikwisha uza mayai ya kware, akauza sungura, akauza mabwawa ya samaki mahali ambapo hata maji ya kunawa yanachotwa mbali. Kila biashara ilianza kwa ngoma ikaisha kwa kuhama nyumba. Wala hakuwa mtu wa kuiba usiku. Aliwadanganya watu mchana kweupe, na yeye mwenyewe akiwa wa kwanza kuamini. Mtu wa namna hiyo ni hatari kuliko mwizi, kwa sababu anapendeza.

Simu zikaanza.

"Umekula, malkia wa waridi?"

"Nimekula. Wewe leo umemuuzia nani?"

"Leo sijauza. Nimekaa nakuwaza."

"Hapo napo unauza, Mangi."

"Basi nunua."

"Nitakurudisha dukani siku hiyo hiyo."

Wakala ndizi nyama pamoja Lemara, wakatembea kando ya mto huku Lilian akiguna kila alipowaona. "Huyo mwanaume ana meno mengi," Lilian alimwonya. "Anayecheka hivyo ana jambo." Penina hakusikia. Alikwisha penda.

Ndipo akampeleka kwao, juu ya Usa River, kwenye miteremko ya mlima Meru. Mama yake, Mama Anande, alikuwa mjane na mzee wa kanisa, mwanamke mfupi mwenye maneno machache na benchi lake la mbele kabisa kanisani. Walikunywa chai chini ya migomba. Alasiri mawingu yakafunguka, mlima ukajitokeza mzima, mweusi na mkali. Aristides akaweka kikombe chini.

"Penina, ule mlima watu wanaupanda kwa miguu?"

"Siku kadhaa."

"Na wenye magoti mabovu?"

"Wanabaki chini."

"Hao," akasema polepole, "ndio soko langu."

Hivyo ndivyo lilivyozaliwa gari la kamba. Jumapili mbili baadaye alisimama kwenye uwanja wa kanisa, suti ya maziwa, tai nyekundu, akawaonyesha wakulima mahali ambapo vibanda vya vioo vitapita angani vikibeba wageni. Kila shamba litakalosimamishwa nguzo, mwenye shamba atakuwa mbia mpaka wajukuu, na jina lake litaandikwa kwenye chuma. "Nguzo ya Mzee Elihuruma!" akapaza. "Nguzo ya Mama Anande!" Kinachotakiwa ni njia tu, kamba ipite bila kuguswa na kitu. Yaani mibuni iliyo kwenye mstari ing'olewe.

Watu wakageukia mashamba yao. Ile kahawa ilipandwa na baba zao. Unaweza kumwomba Mmeru ng'ombe, lakini kihamba, shamba la urithi wa ukoo, si kitu cha kuomba. Ndipo Mama Anande akamgeukia binti yake mbele ya wote.

"Huyu unamjua?"

"Namjua, mama."

"Unasimama naye?"

"Nasimama naye."

Hakuuliza zaidi. Kesho yake alichukua panga na jembe, akang'oa safu ya kwanza, ile aliyoipanda marehemu mumewe. Majirani walipoona mzee wa kanisa ameng'oa, wakang'oa.

Na wageni wa kamba, matajiri wa kutoka Ulaya watakaotoa fedha za kuijenga? Aristides alikwisha wapigia simu. Sauti ilimwambia atapigiwa. Kwake yeye, ahadi ya kupigiwa simu ilikuwa mkataba.

Siku ya uzinduzi ikafika. Alipanga chumba ghorofani Sokon One, akaweka meza na kiti cha kuzunguka. Wazee walikuwa njiani kwa Coaster kuja kuonana na wageni, na wageni hawakuwepo, na hakuna aliyepiga simu. Asubuhi ile jasho lilimtoka Aristides mpaka tai ikabadilika rangi. Alizunguka chumbani akisema peke yake: "Penina akija nitamwambia. Nitamwambia kabla hawajafika. Atanipiga, lakini nitamwambia."

Akachungulia dirishani kama anakuja.

Alikuwa amekuja. Alisimama chini, gauni la bluu, viatu vya mchuchumio, kapendeza kuliko siku zote. Na nyuma yake, kutoka kwenye pikapu, walikuwa wanaruka wanaume wa sare: suruali za bluu nzito, vifungo vya shaba, kofia ngumu. Penina aliwaonyesha kidole juu, dirishani. Kisha akaweka kidole mdomoni: kimya.

"Ameniuza," Aristides akanong'ona.

Mtu mwenye moyo safi angetazama mara ya pili. Angeona kwamba walichobeba, kimefunikwa magunia kwa sababu ya manyunyu, kilikuwa kinene mno kuwa bunduki. Lilikuwa kundi la tarumbeta la usharika wa akina Penina, wameshonewa sare mpya, na Penina alikuwa amewaleta kumshangaza mpenzi wake siku ya ushindi wake. Lakini moyo wa Aristides haukuwa safi. Alitokea dirisha la nyuma, akakanyaga mabati ya mama lishe, akaangukia kwenye kuku, akapotea.

Wale wakapanda ngazi kwa kunyata, wakasukuma mlango, wakapuliza wimbo mzima mbele ya kiti kitupu. Bado wanapuliza, Coaster ya wazee ikafika.

Penina alipiga simu mpaka vidole vikauma. Haipatikani, haipatikani. Jioni ukaingia ujumbe mmoja tu: "Sikutegemea kwako." Akausoma mara nyingi. Mwongo amekimbia na bado analalamika! Akairusha simu ukutani, na kioo kikapasuka.

Kule kwao, baada ya ibada, waliokuja na sadaka ya mazao huinadi nje ya kanisa. Mkungu, kuku, debe la maharage, hata yai lenye ufa hupata mtu, kwa sababu unamnunulia Mungu na unamheshimu aliyeleta. Jumapili iliyofuata Mama Anande alileta mkungu mkubwa. Mzee Elihuruma, mnadishaji, akauinua.

"Nani anaanza?"

Hakuna.

"Jamani, mkungu wa Mama Anande. Nani anaanza?"

Watu wakatazama viatu vyao. Mzee Elihuruma, ambaye naye aling'oa mibuni yake, akauteremsha mkungu taratibu kama mtu anayeshusha jeneza. Mama Anande akaubeba kichwani, akarudi nao nyumbani peke yake. Tangu siku hiyo hakukaa tena mbele. Alikaa nyuma, karibu na mlango, pale wanapokaa waliochelewa.

"Mama, nigombeze," Penina alimwambia jikoni.

"Nikugombeze nini? Niliuliza, ukajibu."

Hakuna kofi linalouma kama hilo. Penina alitoka nje, akaenda kusimama kwenye ile safu tupu, mashimo bado wazi. Akaapa. Hakuapa kwa machozi, alikuwa ameyamaliza. Aliapa kwa meno.

"Tumpeleke polisi," Lilian alishauri walipokutana mjini.

"Polisi watamfungia ndani ambako hakuna anayemwona. Mimi namtaka apande kule juu mwenyewe, kwa miguu yake, usharika mzima umesimama. Namtaka asimame mahali uliposimama ule mkungu."

"Utampataje? Mtu amejificha Babati, nasikia anauza miche ya parachichi isiyozaa."

"Ana ugonjwa. Ukimwonyesha kipaza sauti anakuja."

Wakapata namba yake kwa mtu aliyeuziwa miche, wakanunua laini mpya. Lilian akakohoa, akakaza sauti puani.

"Haloo, naongea na Mkurugenzi Aristides? Hapa ni Madam Evelyn, Dodoma. Tunatafuta mtu wa kutuzindulia kiwanda hapo Arusha."

"Kiwanda cha nini, Madam?"

"Cha... vifuniko."

"Vifuniko vya nini, Lilian?"

Lilian akaziba simu kwa kiganja. "Kanijua!"

"Nawezaje kutokujua sauti iliyonitukana mwezi mzima?" simu ikaendelea. "Mwambie aliyekutuma kwamba mara ya pili siingii mtegoni. Mara ya kwanza ilitosha."

Hapo Lilian akawaka. Akasahau mpango, akasahau pua. "Mtegoni nani, mshenzi wewe? Kaa huko huko na miche yako! Penina mwenyewe Jumapili hii washenga wanakuja, wa mtu wa Usa River, mtu wa maana, mwenye suti zaidi ya moja! Baada ya ibada wanasimama mbele ya watu. Wewe endelea kujificha!"

Ulikuwa uongo wa hasira, umeumbwa pale pale. Upande wa pili ukashusha sauti.

"Jumapili hii?"

"Hii hii."

"Anampenda?"

"Inakuhusu?"

Simu ikakatika. Lilian akajipiga kichwa. "Nimeharibu. Sasa hatakuja kabisa."

"Hatakuja," Penina akasema. "Mtu kama yule hapandi mlima kwa ajili ya mapenzi." Hata hivyo alikwenda kwa Mzee Elihuruma wakazungumza muda mrefu, na Jumapili alivaa gauni jeusi lenye mikono mirefu, bila hereni, midomo kaipaka rangi nyekundu iliyokolea. Mtu anayemwendea adui hupamba kuliko anayemwendea mume.

Ibada ikaisha. Mnada ukaanza: maboga, kuku waliofungwa miguu, maziwa. Ndipo ikasikika pikipiki ikilia mlimani, na Aristides akaingia uwanjani mbio, suti ya maziwa imekuwa ya vumbi.

"Sikubali!" akapaza. "Yuko wapi huyo bwana? Shikamooni wazee. Yuko wapi?"

Hakuna aliyesema marahaba. Watu zaidi ya mia, na hakuna hata mmoja. Salamu ile ilining'inia hewani kama nguo iliyosahauliwa kwenye kamba.

"Hakuna bwana," Penina akasema, akitoka katikati ya watu. "Kuna mnada. Karibu, Mangi."

Aristides alimtazama, akaelewa. Akageuka nyuma. Langoni walikuwa wamejipanga wanaume wa sare za bluu, vifungo vya shaba.

"Umewaita tena!" akasema. "Kama siku ile! Penina, ulishindwa nini kunigombeza mwenyewe mpaka uniletee polisi?"

"Polisi gani?"

"Hawa! Niliwaona dirishani! Nilikuona unawaonyesha!"

Nelson, mkuu wa kundi, akavua kofia. "Kaka, mimi ni fundi seremala. Na hii ni tuba." Akaipuliza. Puuuh!

Bibi mmoja akaanza kwa kikohozi, akafuatiwa na mwingine, na kicheko kikapasuka kama bwawa. Watu wakashikana mabega. Waliokuwa hawajacheka tangu mibuni ing'olewe walicheka siku ile wakitoka machozi. Penina peke yake hakucheka.

"Ulikimbia tarumbeta?"

"Niliona sare."

"Nilikuwa nakuletea muziki, Aristides. Niliwaleta wakupigie wewe."

"Nilifikiri umeniuza."

"Na mtu asiye na kosa, akiona sare, kwa nini afikirie polisi?"

Aristides akaitazama ile tuba. Penina akachukua kipaza sauti cha mnada, akamwekea karibu na kidevu.

"Wageni wa kamba walikuwepo siku ile?"

"Hawakuwepo."

"Wamewahi kuwepo?"

"Hapana."

"Semea kwenye hiki, wa nyuma hawajasikia."

"Hapana!" Sauti yake ikapiga ukuta wa kanisa ikarudi. "Niliwapigia mara moja. Wakasema watapiga. Nikaamini kwa sababu nilitaka kuamini. Mama Anande hakujua. Penina hakujua. Ni mimi."

Kicheko kilikwisha zimika. Kule nyuma Mama Anande alisimama wima, mkoba kifuani, uso haumwambii mtu kitu. Lakini vichwa viligeuka kumtazama, kimoja kimoja, na safari hii havikutazama viatu.

Hilo ndilo Penina alilolitaka. Alikuwa amelipata, na kinywani lilikuwa tamu. Hakushiba.

"Chagua," akasema. "Kituo cha polisi Usa River, pikapu ipo. Au meza hii."

"Meza ya nini?"

"Unanadiwa."

Mchungaji, aliyekuwa mlangoni, ghafla akakumbuka kuna kitu amesahau ofisini. Mzee Elihuruma akakung'uta meza kwa kitambaa. Aristides akatazama pikapu, akatazama meza, akapanda, kati ya boga na jogoo.

"Mnada huu shilingi haina kazi," Mzee Elihuruma akatangaza. "Unataja kazi. Atakayetaja iliyo ngumu kuliko zote, anamchukua. Nani anaanza?"

Mikono ikaruka kama njiwa.

"Kwangu atachimba choo!"

"Kwangu atazoa samadi, na ng'ombe wangu wana afya!"

"Atakata majani ya mifugo kule korongoni, kiangazi chote!"

Na yule mjinga, juu ya meza, ugonjwa wake ukampanda. Akanyoosha tai. "Mabibi na mabwana, mnachokiona hapa ni kijana mwenye nguvu, meno yote, anasoma na kuandika—"

"Funga mdomo, Mangi," Penina akasema. "Bidhaa haiongei."

"Kwangu," akapaza baba mmoja, "atamtunza mama mkwe wangu!"

"Aaah! Hapo umetumaliza!" watu wakapiga kelele. Mzee Elihuruma akainua mkono. "Mama mkwe mara ya kwanza! Mama mkwe mara ya pili—"

"Ngoja."

Mama Anande alikuwa anatoka nyuma. Watu wakampisha. Akatembea mpaka mezani, akamtazama Aristides kuanzia viatu kupanda juu.

"Mimi nina safu ya marehemu," akasema. "Ataotesha mibuni pale. Ya kwangu akimaliza, ya kila aliyeng'oa. Atabeba maji, atapalilia, atalala stoo. Hatatoka mpaka nione buni nyekundu kwenye mti wake."

"Mama Anande," Mzee Elihuruma akasema kwa upole, "mche wa kahawa ni miaka mitatu huo."

"Nalima tangu sijaolewa. Najua." Akavuta pumzi. "Na kila Jumapili atakaa na mimi benchi la mbele. Watu wamtazame mgongo mpaka wachoke."

Hakuna aliyeongeza. Hata yule wa mama mkwe alivua kofia.

"Ameuzwa," Mzee Elihuruma akasema.

Aristides alipoteremka alipita karibu na Penina. "Ulijua nikija nitashikwa," akamwambia polepole. "Na mimi nilijua. Basi ujue tu kwamba nilijua."

"Usiniuzie kitu," Penina akajibu. Lakini njia nzima kurudi mjini hakumsikia Lilian hata neno moja.

Watu waliwekeana dau kwamba atatoroka kabla ya mvua. Mvua zikaja, akawa bado yuko, suti imekuwa kitambaa cha kufunikia miche isiungue jua. Mikono ikatoka malengelenge, malengelenge yakawa sugu. Jumapili alikaa mbele, ameshikilia kitabu cha nyimbo, shingo inawaka kwa macho ya watu. Watoto walimwita Gari la Kamba, naye akaitika. Mama Anande hakumsifu wala kumtukana. Alimwonyesha tu mahali alipopalilia vibaya.

Penina alipanda kila mwisho wa juma kuangalia kisasi chake kinaendeleaje. Mwanzoni hakumsemesha. Baadaye alipiga simu, kwa ukali.

"Umemwagilia?"

"Nimemwagilia, malkia."

"Usiniite hivyo. Ule wa pembeni umenyauka."

"Unauonaje kutoka Arusha?"

"Niliuona Jumapili."

"Kumbe unaangalia miche."

"Nakagua kifungo."

"Kagua na mfungwa basi. Amekonda."

Alikata. Kesho yake alipiga tena kuuliza kama yule wa pembeni umepona. Kisasi kina tabia hiyo, wala watu hawakuelezi: ukimfunga mtu kamba, ncha ya pili inabidi uishike mwenyewe. Ukitaka kuitupa unakuta vidole vimekwisha ganda. Walikuja wachumba wa kweli, mmoja mwalimu, mmoja mwenye malori. Aliwakataa wote kwa maneno yale yale: "Kuna mtu sijamaliza naye."

Mwaka ukapita, ukapita mwingine, na wa tatu mibuni ikatoa maua meupe yanayonukia kama sabuni ya bibi harusi, kisha buni za kijani. Asubuhi moja ya jua Mama Anande alizunguka safu ya marehemu, akachuma buni moja nyekundu, akaiminya, akalamba utamu wake. Akamtazama Aristides, aliyesimama na jembe.

"Imeiva," akasema. "Nenda kwenu." Akaelekea nyumbani kutafuta vikapu.

Penina alikuwepo, gauni la kazi, gumbuti miguuni. Alikuwa ameingoja siku hii kwa namna mbili, na hakujua ipi ni ya kweli.

"Umesikia," akasema. "Uko huru. Babati wanakusubiri."

Aristides aliweka jembe chini. Uso ulikuwa umekomaa, meno yale yale, lakini hayakutoka hovyo siku hizi.

"Penina, nataka nikuoe."

"Unauza?"

"Sina cha kuuza. Niangalie."

Akamwangalia. Muda mrefu akamwangalia, mpaka yule mwanaume akaanza kujishikashika kola kama anatafuta tai.

"Sijakusamehe," Penina akasema. "Ulimfanya mama abebe mkungu wake kichwani, watu wanatazama chini. Siku nikifa nitakuwa nalikumbuka hilo. Kwa hiyo ukinioa ujue unaoa nini. Kila ukifungua mdomo, mimi nitakuwa nimekaa mbele yako. Ukisema wiki tatu nitauliza zipi. Ukisema wageni wanakuja nitataka kuwaona miguu. Hutapata pumziko, Aristides. Nitahakikisha."

"Hicho ni kifungo cha maisha."

"Kata rufaa."

Njia ilikuwa wazi, inateremka mpaka lami, na huko chini magari yalisikika yakienda Moshi na yakienda Arusha. Aristides aliitazama kama mtu anayemtazama jirani aliyehama zamani.

"Sikati," akasema.

Penina akageuza uso upande wa mlima haraka, ili asimwone anatabasamu. Alikuwa amechelewa, alikwisha onekana.

"Nyinyi!" Mama Anande akaita kutoka nyumbani. "Mkimaliza kesi yenu, vikapu viko hapa. Kahawa haijichumi."